Kila Chombo na Maji Yake: Historia ya Boti za Dar na Unguja

Simama kwenye lango la boti za Unguja, Barabara ya Sokoine mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kisha utazame upande wa mdomo wa bandari. Baada ya muda mfupi utaona vyombo viwili vya abiria vikipishana. Kimoja ni kivuko cha Magogoni na Kigamboni: bapa, kipana, wazi mbele na nyuma ili gari liingie huku na kutokea kule. Kingine ni boti ya Unguja, ya alumini, yenye matumbo mawili yaliyoachana, na maji yanapita katikati. MV Magogoni, kivuko kilichoanza kazi mwaka 2008, kilipimwa kubeba watu 2,000 na magari 60. Boti inachukua sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Hata hivyo hakuna nahodha atakayekubali kukitoa kivuko kile nje ya bandari na kukielekeza Unguja kikiwa na watu, hata kiwe kipya namna gani. Kimejengewa maji ya bandari. Ubavu wake uko chini, karibu na maji, na milango yake haikukusudiwa kuzuia wimbi la bahari kuu.

Maji ya kifuu bahari ya chungu, na kwa chombo cha abiria methali hii inapimwa kwa mita na tani. Historia ya usafiri wa Dar na Unguja mara nyingi husimuliwa kwa majina ya kampuni na tarehe za ajali, ikabaki kama orodha isiyo na kichwa wala miguu. Inaeleweka vizuri zaidi ukiuliza swali moja kwa kila chombo kilichowahi kupita hapa: kilijengwa kwa ajili ya maji gani?

Maji yenyewe

Kutoka Dar hadi bandari ya Malindi, Unguja, ni kama kilomita 75, maili 40 za baharini. Wengi hudhani Unguja iko mashariki ya Dar. Tazama ramani: Mji Mkongwe uko karibu kaskazini kabisa, tena umeegemea magharibi kidogo. Boti ikishatoka kwenye mkondo wa bandari na kuviacha visiwa vya Makatumbe, inashika kaskazini na kuendelea hivyo karibu njia nzima.

Sasa weka upepo juu ya ramani hiyo. Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, ukali wake ukiwa Juni hadi Agosti, na hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo boti inayokwenda Unguja mwezi wa Julai inapokea mawimbi kutoka nyuma, upande wa kulia. Inayorudi Dar inayapokea kutoka mbele, upande wa kushoto. Abiria husema "kwenda kulikuwa afadhali, kurudi ndiko kubaya", au kinyume chake, na wote wana haki, kwa sababu ni taabu mbili tofauti. Kurudi, chombo kinapiga: omo, yaani sehemu ya mbele, inapanda wimbi na kuanguka kwa kishindo. Kwenda, chombo kinayumba kwa kujisokota, ubavu ukishuka huku nyuma ikipanda, na huo ndio mwendo unaotapisha watu wengi.

Mwendo wa kwenda unaonekana mpole, lakini kwa nahodha ndio wenye hatari iliyojificha. Wimbi likikujia kwa nyuma na kukupita polepole, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inanyanyuliwa na omo inachimba chini. Usukani uko nyuma. Tezi ikiwa juu ya mgongo wa wimbi, usukani unakosa maji ya kushika. Chombo kinaanza kugeuka chenyewe, na katika sekunde chache kimewapa mawimbi ubavu mzima. Dawa yake inajulikana: punguza mwendo ili wimbi likupite upesi, au elekea zaidi mashariki mapema, utoke nje zaidi, kisha uingie ukiwa na wimbi moja kwa moja nyuma badala ya pembeni. Zote mbili zinakula muda na mafuta, ndiyo maana nahodha anayeshinikizwa na ratiba hupenda kuzikwepa.

Halafu kuna suala la kivuli. Kisiwa cha Unguja kinazuia mawimbi ya bahari kuu, lakini kivuli chake hakianzi pale ncha ya kusini ya kisiwa, Kizimkazi, inapoonekana kwa mbali. Mawimbi ya kusi yanasafiri kuelekea kaskazini-magharibi, yanapita chini ya Kizimkazi na kuendelea kukata njia ya boti hadi karibu na Chumbe, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Sehemu kubwa ya safari iko wazi kabisa kwa Bahari ya Hindi. Maji ya njia hii si ya kina kikubwa, na wimbi linalotoka kwenye kina kirefu likifika kwenye maji mafupi husimama wima zaidi.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo unatoka kaskazini-mashariki na kwa kawaida ni mwepesi. Lakini mkondo wa bahari kwenye pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima. Upepo na mkondo vikikabiliana, mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kingo kali. Hayatishi kwa macho, ila yanachosha mwili wa chombo. Bahari inatulia kweli wakati wa malelezi, upepo unapogeuka, Machi kuelekea Aprili na tena Novemba.

Kabla ya boti ziendazo kasi

Jahazi la pwani lilikuwa chombo kilichozaliwa na maji haya. Lilikwenda na msimu, likasubiri msimu, na nahodha wake hakuahidi mtu saa ya kufika. Meli za mvuke za Waingereza, za British India, zilipoanza kuleta barua Unguja mwaka 1872 zilileta kitu kipya kabisa: ratiba. Tangu hapo kila msafirishaji wa njia hii amekuwa akivutwa huku na ratiba, huku na bahari.

Baada ya Uhuru na Mapinduzi, kazi ilishikwa na mashirika ya umma. Bara kulikuwa na TACOSHILI, shirika la meli za pwani, iliyohudumia mwambao, na Unguja kulikuwa na Shirika la Meli lenye MV Mapinduzi, meli iliyojengwa Japani mwaka 1974, pamoja na MV Maendeleo. Hizi zilikuwa meli za abiria na mizigo kwa pamoja, za chuma, nzito, za mwendo wa pole. Kwa usalama wa bahari zilifaa. Udhaifu wao ulikuwa kwenye hesabu. Meli inayobeba mizigo na watu hulipwa zaidi na mizigo, hivyo huondoka shehena inapokamilika, si saa iliyoandikwa. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo miaka ya 1980 hazikupatikana. Meli ikisimama kwa ukosefu wa kipuri kimoja, njia nzima inasimama nayo.

Biashara ilipofunguliwa, mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, kampuni binafsi ziliingia. Wengi wa rika la kati wanazikumbuka kwa majina: Flying Horse, Sea Express, Sea Star, boti za kwanza za Azam. Flying Horse ilikuwa na safari ya usiku iliyopendwa na wafanyabiashara wadogo; ilitoka Unguja saa nne usiku na kuwashusha watu Dar alfajiri, ikiwa imewaokolea gharama ya kulala gesti. Kulikuwa na boti za mabawa pia, zile ambazo zikishika kasi hunyanyuka juu ya maji na kusimama kwa vyuma vilivyo chini yake. Kwenye maji tulivu ni chombo kizuri mno. Lakini bawa likikutana na gogo, wavu uliokatika au wimbi refu la kusi, matengenezo yake hayafanyiki kwa fundi wa mtaani, na hazikudumu.

Karibu vyombo vyote vya kipindi hicho vilikuwa na jambo moja la pamoja: vilinunuliwa vikiwa vimetumika kwingine. Kununua chombo kilichotumika si kosa. Kosa ni kusoma cheti chake kana kwamba namba iliyoandikwa pale, abiria kadhaa, tani kadhaa, ni tabia ya chombo popote kiendako. Namba ile ilitolewa kwa maji fulani.

Ajali tatu

Mei 2009 MV Fatih ilipinduka ndani ya bandari ya Malindi, ikiwa imetokea Dar na shehena yake. Ilizama gatini, mahali penye maji matulivu kuliko pote, na watu wakafa. Tukio hilo lilipaswa kutufundisha kwamba chombo kisicho na mzani hakihitaji dhoruba.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliondoka Malindi kama saa tatu kwenda Pemba. Ilijengwa Ugiriki mwaka 1967, hivyo ilikuwa na umri wa miaka 44. Ilizama baada ya saa saba usiku kwenye mkondo wa Nungwi, pale ambapo njia inaacha kivuli cha Unguja na kuingia kwenye maji ya kina kirefu na mkondo mkali kati ya visiwa viwili. Uwezo wake wa abiria ulikuwa kama 600. Tume iliyoundwa ilihitimisha kwamba walikuwamo watu zaidi ya 2,000, na zaidi ya 1,500 kati yao walikufa au hawakuonekana tena.

Weka hesabu mezani. Wakaguzi wa meli hukadiria mtu mmoja kwa kilo 75. Watu 1,400 wa ziada ni tani 105 kabla hujapima begi hata moja. Ubaya zaidi ni mahali tani hizo zinapokaa. Mizigo iliyo chini, ndani ya ngama, inasaidia chombo kusimama. Watu wanasimama juu, na wakizidi wanapanda juu zaidi, hadi paa. Kadiri uzito unavyopanda, chombo kinakuwa kizito upande wa juu: kinalala upande kwa urahisi na kinachelewa kuinuka.

Na meli yenye sitaha ya mizigo iliyo wazi ina adui mwingine, maji yanayoingia na kubaki juu ya sitaha hiyo. Chukua sitaha ya mita 40 kwa 10. Maji ya kina cha sentimita 10, ya kufika kwenye kifundo cha mguu tu, ni mita za ujazo 40, yaani tani 40 na ushei. Tani hizo hazitulii. Meli ikilala kulia, zote zinakimbilia kulia na kuisukuma ilale zaidi. Watu nao, kwa hofu, wanakimbilia upande ule ule au upande wa pili kwa wakati mmoja. Baada ya hapo usukani na injini havina la kufanya.

Tarehe 18 Julai 2012, miezi kumi baadaye, MV Skagit ilitoka Dar saa sita mchana. Ilikuwa Jumatano, katikati ya msimu wa kusi. Kumbukumbu zilionyesha watu 290: wakubwa 250, watoto 31 na mabaharia 9. Ilizama karibu na Chumbe, na zaidi ya watu 140 walikufa au kupotea. Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu.

Skagit ndiyo mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu kuliko yote, kwa sababu haikuwa kuukuu kama Spice Islander na haikujazwa kama ile. Ilijengwa Louisiana, Marekani, mwaka 1989, ya alumini, tumbo moja, mita 34 hivi, abiria 250. Kwa miaka 20 ilifanya kazi jimbo la Washington, kwenye maji ya Puget Sound yaliyozungukwa na nchi kavu na visiwa. Mwaka 2009 ilipumzishwa, na mwaka 2011 iliuzwa pamoja na pacha wake, Kalama, ikaletwa huku. Baada ya ajali, watu wa kule walikowahi kuiendesha walisema wazi kwamba ilikusudiwa maji yaliyokingwa.

"Maji yaliyokingwa" maana yake nini? Wimbi hukua kwa vitu vitatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji ambayo upepo unapita bila kuzuiwa. Kule Puget Sound urefu huo ni wa kilomita chache au makumi machache. Wimbi halipati nafasi ya kukomaa. Kusini-mashariki ya Dar hakuna nchi kavu kwa mamia ya kilomita. Upepo ule ule unazalisha bahari mbili tofauti kabisa. Ongeza kwamba boti ile ilikuwa na nyumba ya abiria iliyoinuka juu, ambayo kwa upepo mkali inakuwa kama tanga lisilokunjwa, na kwamba njia ya kwenda Unguja mwezi huo inapokea mawimbi nyuma-kulia kama tulivyoeleza. Abiria 31 zaidi ya 250 ni tani mbili na ushei. Uzito huo ni kosa, na sheria inautaja kuwa kosa, lakini kwa maoni yetu anayeishia hapo hajamaliza kueleza. Mwaka ule cheti cha abiria 250 kilitembea kutoka bahari moja hadi nyingine bila namba yake kuguswa.

Kwa nini matumbo mawili

Boti za Kilimanjaro za Azam Marine, kampuni ya kundi la Bakhresa, zilibadilisha njia hii kwa sababu kampuni iliacha kuwinda vyombo vya mkono wa pili na kwenda kuagiza vipya Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania, Australia. Ni boti za takriban mita 40, za alumini, na Dar hadi Unguja kwa kawaida ni chini ya saa mbili hivi.

Matumbo mawili yaliyoachana yanafanya kazi kama mtu aliyesimama kwa kutanua miguu. Boti ikianza kulala, tumbo la upande ule linazama na kupata nguvu kubwa ya kunyanyua, mbali na katikati, na kuirudisha. Matumbo ni membamba, hayasukumi maji mengi, hivyo kasi inapatikana kwa injini ndogo kuliko ambazo boti ya tumbo moja ya upana ule ingehitaji. Hasara zake zipo. Boti inarudi haraka mno, kwa mshtuko, na mshtuko huo unatapisha. Wimbi likizidi urefu wa uwazi uliopo kati ya matumbo, linagonga sakafu kutoka chini kwa kishindo ambacho abiria wengi hudhani ni mwamba. Na kwa kuwa boti ni nyepesi, kila tani inahesabika. Ndiyo sababu abiria wenye magunia, majokofu na pikipiki hutenganishwa na kuelekezwa kwenye meli za mizigo. Kutenganisha watu na mizigo mizito ni mageuzi ambayo hayasifiwi vya kutosha. Yaliondoa ile hali ya meli kusubiri shehena, na yakaondoa tani ambazo hakuna aliyekuwa akizipima.

Ratiba ikasimama, na nyuma ya ratiba kuna jambo la kibiashara ambalo kampuni ndogo zilishindwa nalo. Boti ya kasi lazima ipandishwe chelezoni kila mwaka, tumbo likwanguliwe, mishono ya alumini ikaguliwe kwa nyufa. Injini hufunguliwa kwa saa ilizofanya kazi, si kwa kusubiri iharibike. Mwenye boti moja akiipeleka chelezoni hana mapato wiki kadhaa, huku wateja wakihamia kwa mwingine. Kishawishi cha "tumalizie msimu huu kwanza" ni kikubwa. Mwenye boti tano anaitoa moja na nyingine nne zinaendelea. Boti moja haiwezi kuwa kampuni ya abiria kwenye njia hii, na makaburi ya kampuni nyingi yamechimbwa hapo.

Mafuta nayo. Kasi haiongezi matumizi kwa kadiri yake; ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu mara kadhaa. Viti visipojaa boti inakula hasara hata bahari ikiwa shwari. Bei mbili, ya mkazi na ya mgeni, ndizo zinazoshikilia hesabu hiyo: mtalii anabeba sehemu ya nauli ya mama anayekwenda kuona wajukuu Mwanakwerekwe.

Serikali ya Zanzibar yenyewe iliagiza meli mpya kutoka Korea Kusini, MV Mapinduzi II, iliyofika Desemba 2015, abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Bara, jaribio la boti ya Dar na Bagamoyo halikufika mbali. MV Dar es Salaam, ya abiria 300, iliyonunuliwa mwaka 2014 kwa karibu shilingi bilioni 8, haikufikia kasi iliyoandikwa kwenye mkataba, na mwishowe ikakabidhiwa jeshi la majini.

Kinachosimamisha boti katikati ya bahari

Injini kuzimika ni neno linalotisha, lakini sababu zake nyingi ni za kawaida. Ya kwanza ni mafuta. Chini ya tangi hukusanyika maji na uchafu, na bahari ikiwa shwari vinakaa huko huko. Ikichafuka, tangi linatikiswa kama chupa ya dawa, uchafu unapanda, chujio linaziba, injini inakosa mafuta. Hivyo injini huzimika hasa pale inapohitajika zaidi. Kinga yake ni kumwaga maji ya chini ya tangi kila asubuhi, na kuwa na machujio mawili sambamba ili moja likiziba fundi ageuze koki kwenda la pili bila kuzima.

Ya pili ni maji ya kupoza. Injini hunyonya maji ya bahari kupitia kikapu cha kuchujia. Mifuko na majani yanayoelea karibu na Soko la Samaki la Feri na mdomo wa bandari, hasa baada ya mvua za masika, huziba kikapu hicho. Joto linapanda, nahodha analazimika kupunguza. Boti iliyozimika haibaki ilivyokuwa. Upepo huigeuza mpaka ubavu uelekee mawimbi, na hapo ndipo yale ya mzani na maji ya sitahani huanza kuulizwa. Chombo chenye injini zaidi ya moja, kila moja na tangi na chujio lake, hubaki na uwezo wa kushika omo kwenye wimbi hata moja ikifa.

Nani anakagua nini

Hapa watu huchanganyikiwa, na si kosa lao. Upande wa Bara msimamizi alikuwa SUMATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tangu 2018 masuala ya meli yako chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini, ZMA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na daftari lake la usajili. Boti moja inaweza kusajiliwa upande mmoja na kupakia abiria upande mwingine kila siku. Lango la Dar liko chini ya Mamlaka ya Bandari, TPA, na la Malindi chini ya Shirika la Bandari Zanzibar. Orodha ya abiria inatunzwa na kampuni. Kwa hiyo idadi ya watu ina wenyewe watatu: aliyeuza tiketi, aliyefungua lango, na aliyesimama kwenye ngazi ya boti. Zikitofautiana hizo tatu, ya ngazini ndiyo ya kweli, kwani hiyo inahesabu miili na watoto wa kubebwa. Kitambulisho kinachoombwa dirishani na jina linaloandikwa vinatumika kwa hilo. Tiketi iliyonunuliwa kwa jina la mwingine huacha familia isiyo na jawabu siku ya msiba.

Taarifa ya hali ya hewa inatoka TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tangazo lake la kawaida, "upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2", si la kupita tu redioni. Kwa njia hii likitolewa kwa pwani ya Dar na Unguja wakati wa kusi, tegemea boti kuchelewa au kufutwa, na usimlaumu karani wa dirishani.

Abiria mwenyewe anaweza kuona mengi akiwa bado gatini. Kwenye ubavu wa meli za chuma kuna duara lililokatwa na mstari, na pembeni ngazi ya mistari yenye herufi. T ni kiwango cha maji ya kitropiki. Mstari huo ukiwa umezama, meli imezidishwa. Lakini alama hiyo inapima uzito tu, haipimi uzito uko wapi. Watu 200 waliopanda paa hawaizamishi alama kwa kiasi cha kuonekana, ilhali wameharibu mzani wote. Kwa hiyo tazama pia jinsi meli inavyoyumba ikiwa imefungwa au inapopitiwa na wimbi la kivuko. Ikilala na kurudi upesi, mzani upo. Ikilala, ikatulia kidogo upande ule kana kwamba inafikiri, kisha ikarudi polepole, usipande. Mabaharia wa zamani walishuka kwenye meli ya namna hiyo hata kama walishalipwa.

Ukishaingia, hesabu hatua kutoka kiti chako hadi mlango wa karibu, na uone jaketi okozi liko wapi. La mtoto ni dogo na huwa limewekwa sehemu yake, liulizie kabla boti haijaondoka. Kwa kichefuchefu, kaa chini, nyuma kidogo ya katikati, ukiona upeo wa bahari dirishani; dawa inywewe nusu saa au saa nzima kabla, maana ikinywewa boti ikishapita Makatumbe inatoka pamoja na chai. Na mwezi wa Julai, ukiwa na hiari ya safari, chukua boti ya asubuhi ya mapema, upepo wa kusi ukiwa bado haujapata nguvu za mchana.